Panya Aliyepona na Mgonjwa Asiyepona

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, walichapisha matokeo yaliyowapa matumaini makubwa madaktari wa saratani ya ubongo. Waliwapandikizia panya wadogo wa maabara seli za uvimbe unaoitwa GL261 ndani ya ubongo, kisha wakawagawa makundi manne. Katika kundi lisilopata tiba, nusu ya panya walikuwa wamekufa kufikia siku ya 25. Waliopewa dawa ya kuiachia kinga ya mwili ishambulie saratani walifika siku ya 27, na waliopigwa mionzi peke yake siku ya 28. Waliopata mionzi pamoja na dawa walifika siku ya 53. Tena katika kundi hilo la mwisho, na hilo tu, walikuwamo panya waliokuwa bado hai siku 180 baada ya tiba.

Wazo hilohilo likapelekwa kwa binadamu. Katika jaribio lililoitwa CheckMate 498, wagonjwa 560 wenye glioblastoma, saratani ya ubongo iliyo kali kuliko nyingi, waligawanywa kwa kura. Wote walipata mionzi. Upande mmoja uliongezewa nivolumab, dawa ya jamii ileile waliyopewa panya wa Baltimore; upande wa pili uliongezewa temozolomaidi, dawa ya siku zote. Nusu ya waliopewa temozolomaidi waliishi zaidi ya miezi 14.9. Kwa waliopewa nivolumab ilikuwa miezi 13.4. Mchanganyiko ulioongeza maradufu siku za panya ulishindwa na tiba iliyokwishazoeleka.

Nimezisoma tafiti za aina hii kwa miaka mingi, na zimenifikisha kwenye msimamo ambao wenzangu kadhaa hawaupendi. Mnyama wa maabara ni shahidi dhaifu tunapomuuliza mionzi itaufanya nini uvimbe wa mgonjwa. Tukimuuliza mionzi itaufanya nini ubongo usio na ugonjwa, ushahidi wake ni mzito, na mara nyingi tumechelewa kuusikiliza. Sababu ni nyepesi kuelewa: uvimbe ule ni mgeni aliyeingizwa kwa sindano, bali ubongo ni wa mnyama mwenyewe.

Nianze na huyo mgeni, maana msomaji wa habari za tiba haelezwi anakotoka. Uvimbe uliotumika kuliko mwingine mwingi katika majaribio ya mionzi kwa panya wakubwa unaitwa 9L. Ulipatikana Boston, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, baada ya panya wa ukoo wa Fischer kudungwa mara kwa mara kemikali inayoharibu vinasaba hadi wakaota uvimbe wa ubongo. Seli zake zilikuzwa kwenye vyombo, zikagandishwa, zikasambazwa maabara za dunia nzima. Zina faida zake. Hukua kwa kasi inayotabirika, na panya waliopandikizwa siku moja hufa kwa kupishana siku chache, kwa hiyo ni rahisi kuona kama tiba imeongeza uhai. Lakini uvimbe wa 9L hukua kwa mipaka inayoonekana, na kinga ya panya huutambua kuwa adui. Ukimdunga panya seli za 9L zilizouawa kwa mionzi, kisha baadaye ukamdunga zilizo hai, anaweza kuzikataa. Sasa fikiria jaribio ambalo uvimbe huo unapigwa mionzi ndani ya kichwa cha panya. Mionzi inaua sehemu ya seli, mabaki yake yanaifundisha kinga, kinga inamalizia kazi. Panya akipona, nani amemponya?

Aina iitwayo C6 ina tatizo la namna nyingine. Chanzo chake ni panya wa aina ya Wistar waliokuwa wakizaliana kwa mchanganyiko, hivyo hakuna ukoo wowote wa panya leo unaolingana nayo kivinasaba. Kila inapopandikizwa, mwili unaipokea kama kiungo cha mtu baki, na baadhi ya panya hupona bila tiba yoyote. Na U87, seli za binadamu zilizokuzwa mjini Uppsala, Sweden, katika miaka ya 1960, zina kisa kinachopaswa kumkosesha usingizi kila mtafiti. Mwaka 2016 wanasayansi wa Uppsala walilinganisha DNA ya seli za U87 zinazouzwa kwa maabara duniani na vipande vilivyohifadhiwa vya uvimbe wa mgonjwa wa awali. Hazikufanana. Yaelekea ni za uvimbe wa ubongo wa mtu mwingine asiyejulikana. Kwa miongo kadhaa makala chungu nzima zilikuwa zimeandikwa kuhusu seli ambazo asili yake haikuwa ile iliyoandikwa kwenye chupa. Isitoshe, seli za binadamu haziwezi kukua ila ndani ya panya aliyezaliwa bila kinga kamili, kwa hiyo mazungumzo yote kati ya mionzi na kinga yanakuwa yamefutwa kabla jaribio halijaanza.

Haki itendeke: wapo waliochagua njia ngumu. Uvimbe wa F98, uliotokana na kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, hupenya ndani ya ubongo kama unavyopenya ule wa binadamu, hauichokozi sana kinga, hustahimili mionzi, na seli chache sana zinatosha kumuua panya. Anayeijaribu tiba yake kwa F98 kwa kawaida hupata matokeo ya unyenyekevu. Siku moja ya ziada, wiki moja, pengine mbili. Matokeo kama hayo hayapambi vichwa vya habari, ila nayaamini kuliko asilimia mia ya panya waliopona 9L.

Tazama sasa tunachopambana nacho kwa mgonjwa. Mwaka 1928 daktari mpasuaji Walter Dandy, wa Baltimore pia, alieleza jinsi alivyowatoa wagonjwa wa glioma, familia ya uvimbe ambamo glioblastoma imo, nusu nzima ya ubongo ya upande wa kulia. Hata hivyo ugonjwa ulirudi. Seli za glioma zilikuwa zimekwisha kutembea, zikifuata nyuzi za neva hadi mbali na pale uvimbe unapoonekana. Mionzi ndiyo silaha ya kwanza iliyosogeza kifo kwa kiasi cha maana: katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 1978, wagonjwa waliopata uangalizi wa kawaida tu waliishi takriban wiki 14, na waliopigwa mionzi takriban wiki 35. Mwaka 2005 Roger Stupp na wenzake wakaonyesha kwamba ukiongeza temozolomaidi juu ya mionzi, muda ambao nusu ya wagonjwa huufikia unapanda kutoka miezi 12.1 hadi 14.6. Kipimo ni grei 60, zikigawanywa kwa vipindi 30 ndani ya wiki 6. (Grei moja ni joule moja ya nishati ya mionzi inayomezwa na kila kilo ya mwili.) Na bado mara nyingi uvimbe hurudi ndani ya sentimita mbili za pale ulipoanzia, yaani katika eneo lilelile lililopigwa mionzi kikamilifu.

Panya wa maabara kwa kawaida hapati grei 60 kwa wiki sita. Hupewa 10 kwa mkupuo, au 15, au 20, kwa sababu kumlaza panya kwa dawa ya usingizi mara thelathini ni mateso kwake na gharama kwa maabara. Hili si jambo dogo. Tunagawanya mionzi ya mgonjwa ili seli za ubongo zisizo na ugonjwa zipate saa za kujitengeneza kati ya kipindi na kipindi. Ukitoa kipimo chote mara moja, unajibu swali ambalo hospitalini halikuulizwa.

Kuna mahali ambapo hata uvimbe wa kupandikizwa umetufundisha mambo ya kweli, nayo ni ndani kabisa ya seli, ambako tofauti kati ya panya na mtu hupungua. Mwaka 2006 Shideng Bao, Jeremy Rich na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha kwamba ndani ya glioma za binadamu zilizokuzwa kwa panya limo kundi dogo la seli zenye alama ya CD133. Mionzi ikipita, DNA inakatika katika seli zote, ila seli hizi huwasha haraka mitambo ya kuitengeneza. Baada ya mionzi idadi yao ndani ya uvimbe inakuwa kubwa kuliko kabla. Tiba imewaondoa wanyonge na kuwaachia nafasi wakaidi. Miaka minne baadaye maabara ya Martin Brown, Stanford, iliona kwamba uvimbe uliopigwa mionzi, ukiwa umepoteza mishipa yake ya damu, huita seli kutoka kwenye uboho wa mifupa zije kuijenga upya, na dawa ya kuzizuia zisifike ilichelewesha kurudi kwa ugonjwa. Tafiti hizi mbili zinaeleza kwa nini mionzi inashindwa. Kueleza kwa nini inashindwa ni jambo moja; kutabiri ni nini kitakachoshinda ni jingine, na hapo ndipo panya wengi wametupoteza njia.

Tugeukie ubongo wenyewe. Mwaka 2002 Michelle Monje na Theo Palmer, wa Stanford, walichapisha kazi ambayo kwangu ni miongoni mwa kazi bora kabisa katika fani hii. Waliwapiga panya wakubwa grei 10 kichwani, halafu wakaangalia hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayoshughulika na kuweka kumbukumbu mpya. Pale kuna seli shina ambazo hata kwa mnyama mzima wa umri huendelea kuzaa seli za neva. Baada ya mionzi uzazi huo ulikoma karibu kabisa. Mtu angedhani seli shina zimekufa. Wakazitoa zilizobaki na kuzikuza nje ya mwili: zikaweza bado kuzaa seli za neva. Wakachukua seli shina za panya asiyepigwa mionzi na kuzipandikiza kwenye hipokampasi iliyopigwa: hizo nazo zikashindwa. Shida kubwa basi ilikuwa katika mazingira, ambamo uvimbe-joto ulikuwa umewashwa na haukuzimika. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba indomethasini, dawa ya kawaida ya maumivu na uvimbe-joto, ilirudisha sehemu ya uzazi ule.

Kwa wagonjwa, malalamiko yalikuwepo tangu zamani. Mama aliyepigwa mionzi ya ubongo wote kwa sababu ya saratani iliyosambaa kutoka kwenye titi au pafu anarudi nyumbani, na baada ya miezi michache watoto wanaona anauliza jambo lilelile mara tatu. Tulizoea kuwaambia ndugu kwamba ni ugonjwa, au umri, au uchovu. Panya wa Stanford walionyesha mahali na sababu. Kutokana na ushahidi wa aina hiyo ukaja mpango wa kuipinda mionzi ili iikwepe hipokampasi, sehemu ambayo kwa bahati nzuri saratani iliyosambaa huifikia kwa nadra. Mwaka 2020 jaribio la wagonjwa 518, liitwalo NRG CC001, lilitoa jibu: waliokwepeshwa hipokampasi, huku wote wa pande mbili wakinywa memantini, dawa inayotumika kulinda kumbukumbu, walikuwa na hatari ya kudhoofika akili iliyo chini kwa takriban asilimia 26. Muda wa kuishi haukupungua, wala ugonjwa haukupata mwanya. Mlinganishe panya wa Stanford na yule wa Baltimore. Wote ni panya, wote walipigwa mionzi, ila mmoja aliulizwa swali analoweza kulijibu.

Kwa Afrika Mashariki matokeo haya yana upande mgumu. Kuikwepa hipokampasi kunahitaji mashine ya kisasa inayoweza kubadilisha umbo na nguvu ya miale inapozunguka kichwa, pamoja na picha za MRI na mwanafizikia wa tiba mwenye muda wa kupanga kila mgonjwa. Mashine ya kobalti, ambayo kwa miaka mingi imebeba mzigo wa wagonjwa wetu, haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mwaka 2016 mashine pekee ya Hospitali ya Mulago, Kampala, ilipoharibika kabisa, Uganda nzima ilibaki bila tiba ya mionzi, na baadhi ya wagonjwa ikabidi wapelekwe Nairobi. Katika hali kama ile, kuzungumzia hipokampasi kunaweza kuonekana ni anasa. Mimi sioni hivyo. Memantini ni vidonge, haihitaji mashine, na daktari anayejua kwamba mionzi ya ubongo wote inagusa kumbukumbu anaweza angalau kumwambia mgonjwa ukweli kabla ya kuianza, na kujiuliza kama mgonjwa mwenye uvimbe mahali pamoja au pawili anahitaji kweli ubongo wote upigwe.

Upo utafiti mmoja unaounganisha pande hizi mbili na ambao haujasikika vya kutosha. Katika Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, watafiti walipiga mionzi nusu ya ubongo wa panya wadogo, wakasubiri wiki kadhaa, ndipo wakapandikiza seli za uvimbe ambazo zenyewe hazikuwa zimeguswa na mionzi. Uvimbe ulikua kwa kasi na ukali zaidi ndani ya ubongo uliokwisha kupigwa kuliko ndani ya usiopigwa. Kwa maneno mengine, ubongo uliobadilishwa na mionzi unaweza kuupokea ugonjwa unaorudi kwa namna tofauti. Hili linagusa moja kwa moja zile sentimita mbili zinazotusumbua. Ningependa fedha nyingi zaidi ziende huko kuliko kwenye mchanganyiko mwingine wa dawa na GL261.

Sasa tuna ahadi mbili kubwa mbele yetu, na zote mbili zinadai jambo moja: kuusalimisha ubongo. Ya kwanza ina historia ndefu. Maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, ilianza miaka ya 1950 na 1960 kuchunguza miale ya angani ingewafanya nini wanaanga. Boriti ya chembe yenye upana wa milimita 1 iliharibu kabisa ubongo wa panya kwa grei 140. Boriti ya mikromita 25 ilipewa grei 4,000, kipimo cha kutisha, na ikaua seli zilizokuwa njiani mwake, lakini umbo la ubongo likabaki. Daniel Slatkin na wenzake waliirudia hoja hiyo miaka ya 1990 kwa eksirei za sinkrotroni, wakiigawanya miale kuwa vipande vyembamba sana vyenye nafasi kati yake, na kazi ikaendelea Grenoble, Ufaransa, ambako mbwa wa kufugwa mwenye uvimbe wa ubongo ulioota wenyewe naye amekwisha kutibiwa. Mbwa huyo ana uzito mkubwa katika hesabu zangu. Ugonjwa wake ni wake, kichwa chake kina unene wa kuipima miale, na kinga yake haikuchezewa.

Ahadi ya pili ni FLASH, mionzi inayotolewa kwa kufumba na kufumbua. Mwaka 2017 kundi la Lausanne, Uswisi, likishirikiana na Wafaransa, lilitoa grei 10 kwa ubongo wote wa panya wadogo. Miezi miwili baadaye waliwekewa kitu walichokizoea kando ya kitu kigeni. Panya mwenye kumbukumbu nzuri hukaa zaidi kwenye kigeni. Waliopata mionzi kwa kasi ya zaidi ya grei 100 kwa sekunde walifanya hivyo; waliopata kipimo kilekile polepole, kama tunavyotoa hospitalini, hawakutofautisha. Mpaka leo wataalamu wanabishana kuhusu sababu, oksijeni ikitajwa sana. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba uvimbe wa panya hauponyoki kwa kasi hiyo.

Kwa kanuni niliyoieleza, nayachukua kwa uzito matokeo ya kumbukumbu na kwa tahadhari yale ya uvimbe. Hata hivyo yapo mawili yanayonizuia kushangilia. Ubongo wa panya mdogo haufiki nusu gramu; wetu unazidi kilo moja na robo, na miale ya elektroni iliyotumika Lausanne, inayotosha kuupita ule, haiwezi kufika katikati ya huu. La pili ni muda. Mionzi huweza kuharibu miezi mingi baada ya kutolewa, na panya wa majaribio mengi huuawa mapema kuliko hapo. Mwaka 2022 ilitolewa taarifa ya paka wenye saratani ya pua waliotibiwa kwa FLASH, grei 30 kwa mkupuo mmoja. Mwanzoni walionekana vizuri. Kati ya mwezi wa 9 na wa 15, watatu kati ya saba walioza mfupa wa taya la juu, wakati miongoni mwa tisa waliopata tiba ya kawaida hakuna hata mmoja. Jaribio likasimamishwa. Utafiti wa miezi miwili usingeliona hilo kamwe.

Wanyama hawa hufa kwa ajili yetu, na tangu wanasayansi Russell na Burch waandike mwaka 1959 juu ya kupunguza idadi yao na mateso yao, kila kamati ya maadili imerudia maneno hayo. Nafikiri mateso makubwa kuliko yote ni ya mnyama anayeuawa kwa swali asiloweza kulijibu. Kwa hiyo, kabla ya FLASH au miale myembamba kuelekezwa kwenye ubongo wa mgonjwa wa glioma anayeweza kuishi miaka, nadai nione mambo haya: panya waliokaa mwaka mzima baada ya mionzi, wakipimwa kumbukumbu mwanzoni, katikati na mwishoni, mionzi iliyogawanywa kwa vipindi kama ya hospitalini, na mbwa wenye uvimbe wao wenyewe, waliofuatiliwa mpaka kifo, kisha ubongo wao ukafunguliwa na kutazamwa na mtaalamu asiyejua yupi alipata mionzi ipi.